Bidhannagar: manispaa iliyojengwa juu ya maziwa ya chumvi

Mwaka 1962 serikali ya jimbo la West Bengal, India, ilianza kufukia maziwa ya chumvi yaliyokuwa mashariki mwa jiji la Kolkata ili ipate pa kujenga mji mpya, ambao leo unaitwa Bidhannagar. Miaka 30 baadaye serikali ya jimbo lilelile ilitaka kuendelea kufukia, mahakama ikaikatalia. Maamuzi hayo mawili yalihusu maji ya aina moja, mteremko mmoja na watu wa kazi moja, lakini yakaenda njia tofauti kabisa. Naamini tofauti yake inafundisha mambo mengi kuhusu namna miji inavyopima ardhi oevu, na ndiyo maana nimekiandika kisa hiki kwa kirefu.

Viongozi na taasisi wametajwa kwa majina kwa kuwa habari zao ni kumbukumbu za umma. Wavuvi, wenye mabwawa, waliopewa viwanja na wakazi wa kawaida hawatajwi, wala hakuna maelezo ya kumtambulisha yeyote kati yao.

Mahali penyewe

Anayeitazama Kolkata kwenye ramani hudhani kwamba maji yake ya mvua yanaingia mto Hooghly, maana mto huo unapita ubavuni mwa jiji. Sivyo. Kama mito mingi ya delta, Hooghly umejijengea kingo kwa udongo unaoubeba. Sehemu iliyoinuka zaidi ya jiji ni ile ya ukingoni, na kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo ardhi inavyoshuka. Jiji zima liko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mvua na majitaka huupa mto mgongo na kukimbilia mashariki. Katikati ya karne ya 19, mhandisi William Clark alipochora mfumo wa mitaro ya majitaka ya jiji, aliufuata mteremko huo huo, na hadi leo majitaka ya jiji la kati yanaelekea upande ule.

Mashariki huko palikuwa na eneo pana la maji ya kina kifupi, likiitwa Maziwa ya Chumvi. Maji ya bahari yalipanda na kushuka kwa kupitia mto Bidyadhari, na samaki waliovuliwa humo walikuwa wa maji ya chumvi. Udongo wenyewe ulishiba chumvi. Mwaka 1930, Gandhi alipotoa wito wa kuvunja sheria ya Waingereza iliyokataza watu kujitengenezea chumvi, kijiji cha Mahishbathan, kilichokuwa pembeni mwa maji haya, kilikuwa moja ya vituo vya Bengal ambako watu walitengeneza chumvi hadharani na kupigwa kwa kosa hilo.

Lakini wakati huo Bidyadhari ulikuwa umekwisha kufa. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya majahazi, matuta ya wafuga samaki na majitaka ya jiji viliuziba kidogo kidogo, hadi mwaka 1928 idara ya umwagiliaji ikatangaza kwamba mto huo haufai tena. Maji ya bahari yakaacha kufika. Jiji likalazimika kutafutia majitaka yake njia nyingine, na mifereji mirefu ikachimbwa kuyapeleka mto Kulti, mbali zaidi upande wa mashariki.

Majitaka yanapogeuka samaki

Hapa ndipo wenyeji walipofanya jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelipanga. Bahari ilipoacha kuja, wafuga samaki walianza kuingiza majitaka ya jiji kwenye mabwawa yao kwa vipimo, na wakaona kwamba samaki wa maji baridi wananenepa. Kuanzia miaka ya 1930 ufundi huo ulisambaa bwawa kwa bwawa. Mabwawa hayo wenyewe huyaita bheri.

Inafaa kuueleza ufundi huu kwa karibu, kwa sababu kisa chote kinauegemea. Wakati wa baridi bwawa hukaushwa, tope la chini hupigwa jua na kulimwa, na kingo hurekebishwa. Kisha majitaka huingizwa kwa lango dogo lenye uzio wa mianzi na kuachwa yatulie kwa wiki kadhaa bila samaki. Kina ni kifupi, mara nyingi hakizidi urefu wa mtu, kwa hiyo jua linapenya. Jua huotesha mwani, mwani hutoa oksijeni, bakteria hula uchafu, na maji yaliyoingia meusi huwa ya kijani. Hapo ndipo vifaranga vya samaki humwagwa: rohu, katla, mrigal na perege. Baada ya hapo majitaka huongezwa kidogo kidogo, na anayeamua kiasi ni mtu anayejua kuisoma rangi na harufu ya maji. Akizidisha, samaki hupanda juu wakihema alfajiri.

Kandokando ya bwawa hupandwa magugu maji. Msomaji wa Kisumu, Mwanza au Jinja atashangaa, maana kwetu gugu hili ni adui. Kule linafungiwa kwa mianzi lisisambae. Linazuia mawimbi yasile kingo, linawapa samaki kivuli, na mizizi yake inanasa sehemu ya madini mazito yanayokuja na maji ya viwandani. Alfajiri samaki hupelekwa mnadani wakiwa hai ndani ya sufuria kubwa za aluminiamu, na mchukuzi huyapiga maji kwa kiganja njia nzima ili hewa iingie.

Maji yanayotoka kwenye mabwawa hunywesha mashamba ya mpunga. Pale Dhapa, kwenye jalala la jiji, mboga hulimwa juu ya taka zilizooza. Kwa hesabu inayotajwa sana, mabwawa yapatayo 250 yaliyobaki hutoa zaidi ya tani 10,000 za samaki kwa mwaka, na hupokea mamia ya mamilioni ya lita za majitaka kila siku. Kwa kazi hiyo jiji halilipi umeme wala dawa.

Uamuzi wa 1962

Bidhan Chandra Roy, aliyekuwa daktari kabla na hata baada ya kuwa waziri mkuu wa jimbo, alishika madaraka Januari 1948, miezi michache baada ya Bengal kugawanywa kati ya India na Pakistan. Wakimbizi kutoka upande uliokuwa Pakistan Mashariki walikuwa wamejaa kwenye vituo vya reli, viwanja vya wazi na nyumba zilizoachwa. Jiji lililokwishabanana likawa halina pa kuweka mguu. Roy alijaribu kwanza kuwavuta watu mbali kwa kujenga mji wa Kalyani, yapata kilomita 50 kaskazini, lakini watu waliokuwa na kazi Kolkata hawakutaka kuhamia mbali kiasi hicho.

Maziwa ya Chumvi yalikuwa kilomita chache tu kutoka kituo kikuu cha reli cha Sealdah. Hapakuwa na mitaa ya kubomoa. Kwenye ramani ya mpangaji palionekana patupu, na hoja ya serikali ilikuwa nyepesi: hapa kuna maji yasiyo na faida, pale kuna watu wasio na makazi. Tusimhukumu Roy kwa haraka. Alikuwa akiona watu wakilala kwenye majukwaa ya stesheni, na neno ardhi oevu halikuwa hata kwenye sheria za nchi.

Kazi ilipewa kampuni ya Yugoslavia, Invest Import, na mji ukachorwa na mtaalamu kutoka huko, Dobrivoje Tošković. Mbinu ya kufukia ilikuwa ya werevu. Mto Hooghly ulikuwa na tope na mchanga uliosumbua meli. Uchafu huo ulichimbwa kutoka sakafu ya mto, ukachanganywa na maji ukawa uji mzito, kisha ukasukumwa kwa mabomba kuvuka kaskazini mwa jiji hadi kwenye mabwawa. Uji ulitandazwa, maji yakachuja, mchanga ukabaki. Kazi ilianza Aprili 1962. Roy alifariki tarehe 1 Julai mwaka huo huo, siku aliyotimiza miaka 80, na baadaye mji ukapewa jina lake, Bidhannagar. Wakazi wengi bado wanauita Salt Lake.

Tošković alichora sekta, na ndani ya sekta akaweka vitalu vinavyoitwa kwa herufi mbili mbili. Kila kitalu kina bustani yake, barabara za ndani zimekunjwa ili magari yasikimbie, na kwenye makutano kuna mizunguko. Minara ya matangi ya maji ikawa alama za njia: hadi leo mtu hushuka basi "Tanki Namba 4". Viwanja viligawiwa na serikali kwa hati za miaka 999 zenye masharti makali ya kutouza. Lengo lilikuwa kuwapa nafasi watu wa kipato cha kati wasiomudu bei za Kolkata.

Mji ulivyojaa

Kwa miaka kadhaa mchanga ulikaa mtupu, na upepo ukawa unaupeperusha. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma watu karibu milioni 10 kuingia India, kambi kubwa mno ya wakimbizi iliwekwa hapo, familia nyingine zikiishi ndani ya mabomba ya saruji yaliyokuwa yanangoja kufukiwa ardhini. Desemba 1972 chama cha Congress kilifanya mkutano wake mkuu papo hapo, na nyumba aliyojengewa Indira Gandhi, waziri mkuu wa India wakati huo, kufikia ikawa baadaye makazi ya Jyoti Basu, kiongozi wa jimbo kwa zaidi ya miaka 20.

Nyumba zilipanda taratibu, kisha kwa kasi. Ofisi za serikali zilihamia, uwanja mkubwa wa mpira ukafunguliwa mwaka 1984, na Sekta ya V iliyotengwa kwa viwanda vya elektroniki ikageuka kituo cha kampuni za kompyuta. Kwa muda mrefu mji uliendeshwa moja kwa moja na serikali ya jimbo. Wakazi walipata madiwani wao wa kuchaguliwa miaka ya 1990. Mwaka 2015 manispaa iliunganishwa na jirani yake Rajarhat-Gopalpur, zikawa jiji moja lenye halmashauri yake. Huko Rajarhat mitaa imebanana na haikuwahi kuchorwa na mtu yeyote, kwa hiyo halmashauri moja sasa inahudumia miji miwili isiyofanana hata kidogo.

Kesi ya 1992

Mwishoni mwa miaka ya 1980 barabara kuu ya Eastern Metropolitan Bypass ilikuwa imeyafungua mabwawa yaliyobaki kwa magari na kwa macho ya wajenzi. Serikali, safari hii ya mrengo wa kushoto, ilipanga kuchukua ekari 227 za ardhi oevu kwa ajili ya miradi mbalimbali, kikiwemo kituo cha biashara ya kimataifa.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndani ya serikali hiyo hiyo alikuwapo mhandisi wa usafi wa mazingira, Dhrubajyoti Ghosh, aliyetumwa kujua majitaka ya jiji yanaishia wapi. Aliufuata mfereji kwa miguu hadi kwenye mabwawa, akakuta kazi aliyodhani haifanywi na mtu inafanywa na wafuga samaki. Aliketi nao, akapima maji yanayoingia na yanayotoka, akahesabu samaki na mboga. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa: alichora ramani. Iliweka mpaka kuzunguka hekta zipatazo 12,500, ikataja matumizi ya kila kipande, na ikaliita eneo hilo kwa kazi yake, eneo la kurejesha taka kwenye matumizi.

Shirika la wananchi liitwalo People United for Better Living in Calcutta lilipofungua kesi katika Mahakama Kuu ya Calcutta (jina la zamani la Kolkata), ramani ilikuwa tayari mezani. Septemba 1992 Jaji Umesh Chandra Banerjee aliamua kwamba mabwawa hayo yasifukiwe wala kubadilishiwa matumizi. Hakupinga maendeleo. Alisema maendeleo na mazingira lazima vipimwe pamoja, na kwamba faida ambayo jamii inapata kutoka kwenye ardhi oevu haiwezi kupuuzwa kwa kuwa tu haijaandikwa kwa hesabu kamili ya fedha.

Matokeo

Mradi wa ekari 227 haukujengwa pale. Tarehe 19 Agosti 2002 eneo lote la hekta 12,500 liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2006 jimbo likatunga sheria maalumu na kuunda mamlaka ya kusimamia. Ukuaji wa jiji uligeukia kaskazini-mashariki, kwenye mashamba ya Rajarhat, ambako New Town ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Yaani gharama ilihama kutoka kwa mvuvi ikaenda kwa mkulima, na wakulima wengi wa huko walilalamikia fidia kwa miaka mingi.

Bidhannagar yenyewe ni mji mzuri. Una miti, una nafasi, una hewa. Lakini mvua kubwa za masika ya India zinapogongana na maji ya bahari yaliyojaa, mitaa yake hukaa na maji, hasa upande wa Sekta ya V, kwa sababu mji umekaa kwenye beseni la mashariki ambalo zamani ndilo lililokuwa likiyapokea.

Uchambuzi

Mpango wa Tošković ulifanikiwa kama mchoro wa mji. Vitalu vidogo vyenye bustani vimedumu kwa zaidi ya nusu karne chini ya shinikizo kubwa la ujenzi, na kutumia tope la Hooghly kulitatua matatizo mawili kwa pampu moja. Nayataja haya kwa heshima, kwa sababu wachambuzi wengi wa mazingira huyaruka.

Kushindwa kulikuja mapema zaidi, kwenye hesabu. Katika uamuzi wa 1962 maji yaliandikwa kama upungufu wa ardhi. Samaki waliotoka humo hawakuingia kwenye gharama ya mradi, wala mvua iliyokuwa ikihifadhiwa humo, wala uchafu uliokuwa ukisafishwa. Mvuvi aliyekodi au kufanya kibarua kwenye bwawa la mtu mwingine hakuwa na hati, kwa hiyo hakuwa na pa kusimama wakati wa kugawa fidia na viwanja. Mji uliokusudiwa kupunguza tatizo la makazi ulijengwa bila kuwawekea nafasi waliokuwa wakiishi kwa maji hayo. Duttabad, makazi ya watu maskini yaliyobanwa kati ya Salt Lake na barabara ya Bypass, bado yapo. Njia ya metro ya mashariki-magharibi ilipofika hapo kazi ilikwama kwa muda mrefu, mpaka familia zilizokuwa njiani zikatafutiwa pa kuhamia. Suala lisilojibiwa kwenye ramani ya kwanza lilidai jibu miaka 50 baadaye, kwa gharama kubwa zaidi.

Masharti ya kutouza viwanja nayo hayakufua dafu. Viwanja vilivyogawiwa ili visiwe bidhaa vilipata bei ya siri, na baadaye serikali yenyewe ikaruhusu uhamisho kwa ada. Sharti lisilosimamiwa huwanufaisha wenye uwezo wa kulizunguka.

Kilichofaa mwaka 1992 si ushujaa wa mahakama peke yake. Kesi nyingi za mazingira huanguka kwa sababu walalamikaji wanaleta majonzi na serikali inaleta michoro. Safari hii walalamikaji nao walikuwa na mchoro, wenye mpaka, matumizi na vipimo, uliotoka kwa mhandisi wa serikali aliyekuwa tayari kulipia gharama za msimamo wake ofisini. Jaji hakuombwa kulinda uzuri; aliombwa kulinda mtambo wa maji unaofanya kazi. Kwa yeyote anayetetea bonde au kinamasi karibu na jiji lake, hii ndiyo sehemu ya kuiga: pima kazi ya mahali hapo kabla tingatinga halijafika.

Hata hivyo ushindi huo una tundu, na mimi naliona kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Sheria ya 2006 inalinda viwanja vilivyoorodheshwa kimoja kimoja. Bwawa la samaki haliishi kwa mpaka, linaishi kwa majitaka yanayoingia. Maji hayo hupitia mfereji mkuu hadi lango la Bantala. Idara inayoondoa maji ya mvua hutaka usawa wa maji langoni uwe chini ili jiji lisifurike. Wafuga samaki hutaka uwe juu ili maji yaweze kuteremka yenyewe hadi kwenye mabwawa yao. Lango likishushwa, bwawa la mbali halipati kitu, hata kama hakuna aliyelifukia. Mifereji nayo inajaa tope. Bwawa likikosa maji misimu miwili mitatu, mwenyewe anaanza kulikodisha kwa maghala na viwanda vidogo vya kuchambua plastiki, na mamlaka inafika baadaye na amri ya kubomoa.

Kwa hiyo wanaofanya kazi pale leo wanadai mambo mawili ambayo ramani ya kwanza haikuyabeba: kiwango cha maji langoni kiamuliwe pamoja na wavuvi wakiwa na kura, na bajeti ya kuzoa tope la mifereji iwekwe kwenye fungu la majitaka la jiji, si kwenye fungu la uvuvi. La pili ni rahisi kulitetea mbele ya mhasibu yeyote. Mabwawa yakikauka, Kolkata italazimika kujenga mitambo ya kusafisha majitaka yale yale, na kuilipia umeme kila siku.